Nyumba Imejaa, Vidonge Vimebaki

Ukitaka kuona mgonjwa wa kisukari wa Magomeni, Dar es Salaam, anavyopendwa, subiri alazwe. Saa ya kuona wagonjwa ikifika pale hospitali ya Mwananyamala, ndugu wanaingia na hotpoti za uji, wapangaji wenzake wamekuja kwa zamu, wenzake wa kikoba wamechanga, kundi la WhatsApp la ukoo limeshapokea miamala tangu asubuhi, na mjomba wa Mbagala ambaye hajaonekana tangu harusi ya mwaka juzi amesimama pembeni ya kitanda akiuliza daktari amesemaje. Akifariki, Mungu aepushe, turubai litakuwa limefungwa kabla ya adhuhuri.

Mtu huyohuyo, wiki tatu kabla ya kulazwa, dawa zilimwishia. Nyumba nzima ilikuwapo, na hakuna aliyejua.

Wataalamu wa afya wameandika mengi kuhusu msaada wa jamii na ufuasi wa dawa, na kwa ujumla wanakubaliana kwamba mwenye watu humeza dawa vizuri kuliko asiye na watu. Ukilichukua jibu hilo kama lilivyo na kulileta Magomeni, linakwama. Huku watu wapo. Nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati na ua mmoja inaweza kuwa na kaya nne au tano. Mtu akikohoa usiku, chumba cha pili wanajua. Ninavyoona mimi, wema wetu umezoea matukio. Tunajua kuzika, kuozesha, kumtoa mwari, kumlaza mtu hospitali na kumtoa. Kisukari hakina siku ya shughuli. Ni Jumanne ya kawaida saa moja asubuhi, kidonge na chai isiyo na sukari, kisha Jumatano hivyohivyo, kwa miaka ishirini. Kwa siku za namna hiyo hatuna utaratibu wa kusaidiana, na huko ndiko dawa zinakorukwa.

Ukubwa wa jambo lenyewe haukuwa hivi zamani. Miaka ya 1980 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walipopima watu wazima katika vijiji sita vya Tanzania, wenye kisukari hawakufika hata mmoja kwa mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1. Vipimo na vigezo vya nyakati hizo mbili havifanani moja kwa moja, na mjini siku zote kumekuwa kubaya kuliko shamba, lakini hakuna anayebisha kwamba ugonjwa umehamia sebuleni. Katika mtaa wa Magomeni leo ni vigumu kupata ukoo usio na mtu wa sukari.

Na dawa je? Mwaka 2014 zilichapishwa tafiti mbili za hapahapa Dar es Salaam. Mmoja ulifanyika Muhimbili: walipoulizwa kuhusu wiki moja iliyopita, wagonjwa waliofuata dawa sawasawa walikuwa asilimia 60 hivi; kwa kipimo cha miezi mitatu wakawa asilimia 71. (Tofauti hiyo hainishangazi. Kidonge ulichoruka juzi unakikumbuka, cha mwezi uliopita umeshajisamehe.) Utafiti wa pili ulichukua wagonjwa 469 wa Muhimbili, Amana, Mwananyamala na Temeke, ukakuta karibu asilimia 70 sukari yao haijadhibitiwa. Miongoni mwa mambo yaliyokwenda pamoja na sukari kupanda ni kutofuata dawa na kutokuwa na bima ya afya. Tusijione wa ajabu sana: Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri ni nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu kama walivyoelekezwa.

Ili kuelewa jirani au ndugu anaingia wapi, lazima kwanza kutazama kazi yenyewe ya kumeza dawa ikoje. Kifuko cha plastiki kinachotoka dirisha la dawa kimeandikwa kwa peni 1x2. Inaonekana rahisi. Lakini metformini hutakiwa kwenda na chakula, la sivyo tumbo linavuruga, na glibenklamaidi ukiimeza kisha chakula kikachelewa, sukari inashuka: jasho jembamba, mikono inatetemeka, macho yanaona ukungu. Kwa hiyo dawa hufuata sahani. Na sahani ya mtu wa Magomeni mara nyingi haiko mikononi mwake. Anayeshika mwendokasi alfajiri kwenda Kariakoo kupanga biashara hanywi chai nyumbani. Anakunywa kwa mama ntilie, chai iliyokwisha kutiwa sukari kwenye birika, na vitumbua viwili. Chakula cha mchana kinategemea mauzo. Cha usiku kinategemea aliyebaki nyumbani amepika saa ngapi na ameachiwa shilingi ngapi. Mgonjwa anayeambiwa kliniki "meza pamoja na chakula, asubuhi na jioni" amepewa ratiba ambayo utekelezaji wake uko kwa watu wengine watatu au wanne ambao muuguzi hakuwaona.

Hapo ndipo msaada wa jamii unapoacha kuwa suala la kupendwa tu. Mwaka 2004 mtafiti wa Marekani, M. Robin DiMatteo, alikusanya tafiti 122 za zaidi ya nusu karne kuhusu msaada wa jamii na kufuata matibabu, za maradhi ya kila aina. Kuwa na ndoa au kuishi na mtu kulisaidia kidogo sana. Kilichobeba uzito mkubwa ni msaada wa vitendo: mtu wa kufuata dawa, kukumbusha, kupika, kusindikiza. Aliyepata msaada huo, uwezekano wake wa kufuata matibabu ulizidi kwa zaidi ya mara tatu. Familia zenye mshikamano zilisaidia, zenye ugomvi zilirudisha nyuma. Kwa hiyo idadi ya watu ndani ya nyumba haisemi kitu mpaka ujue ni nani kati yao anafanya nini, saa ngapi.

Fedha nazo ni sehemu ya msaada huo wa vitendo, na kwetu ndiyo sehemu yenye aibu kuliko zote. Hospitali za serikali zilianza uchangiaji wa gharama mwaka 1993. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha, na wagonjwa wa maradhi ya kudumu sera inawatambua, ila msamaha hauna maana dirishani unapoambiwa dawa hakuna, kanunue nje. Ndipo mtu anakwenda duka la dawa na kununua za siku tatu, nne. Mwaka 2010 watafiti Marie Kolling, Kirsty Winkley na Mette von Deden waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari maskini wa Dar es Salaam, na walichokieleza kila mwenyeji anakijua: matibabu hutegemea mfuko wa ndugu, na mfuko huo hauna uhakika, hivyo mgonjwa huruka huku na huku kati ya hospitali, duka na mganga kulingana na kilichopatikana.

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo ile tofauti ya tukio na siku ya kawaida inapoonekana wazi. Mtoto aliyeajiriwa hatapata shida kuombwa laki mbili baba akilazwa. Atakopa, atauza simu, ataleta. Lakini elfu kumi na tano kila tarehe tano ya mwezi, bila kuombwa, mwaka wa kwanza hadi wa nane? Mzee mwenyewe ataona soni kukumbusha. Atasema "bado zipo" kumbe anakata kidonge nusu ili zifike mwisho wa mwezi. Na fedha ikitumwa kwa simu ikaingia kwa mama, inakutana na ada, na umeme, na kodi ya chumba, na mjukuu mwenye homa. Homa inapiga kelele. Sukari iliyopanda haipigi kelele mpaka imeshafika mbali. Katika mashindano hayo ya kila mwezi dawa ya kisukari inashindwa, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, ikitekelezwa kwa namna inayomfikia mchuuzi na mpangaji wa chumba kimoja, itaondoa sehemu kubwa ya aibu hii kuliko mahubiri yoyote ya upendo wa familia.

Lakini hatujakosa mfano wa kumpa mgonjwa mtu wa kumsimamia kila siku. Dunia nzima imejifunza jambo hilo kwetu. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Czechoslovakia, akajenga pamoja na Watanzania mfumo wa kusajili kila mgonjwa, kuhakikisha dawa zipo, na kumwona akizimeza. Shirika la Afya Duniani likaubeba mfumo huo miaka ya 1990 na kuusambaza kila bara. Kuanzia mwaka 2006 Tanzania ikaongeza jambo la busara: mgonjwa achague mwenyewe, ama anywe dawa kituoni mbele ya muuguzi, ama nyumbani mbele ya msimamizi aliyemteua. Msimamizi anafundishwa. Anajua ni vidonge vingapi, rangi gani, na afanye nini mgonjwa akigoma.

Kwa wanaoishi na VVU mambo yalikwenda mbali zaidi. Kliniki zao zina WAVIU washauri, yaani wagonjwa wenzao wanaomfuatilia aliyepotea. Wilayani wana konga zao, yaani mitandao yao. Mwenye VVU asipofika tarehe yake, kuna mtu atapiga simu. Mwenye kisukari asipofika, foleni imepungua kwa mtu mmoja.

Kwa nini tofauti hiyo? Jibu moja ni fedha za wafadhili, ambazo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilielekezwa kwenye UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Jibu jingine halisemwi sana: kifua kikuu cha jirani kinaweza kuwa changu kesho, sukari yake haiwezi. Jamii na serikali zilisimamia dawa za watu pale walipoogopa kuambukizwa. Huruma ilikuja baadaye. Ipo pia tofauti ya muda, na hii ni pingamizi la kweli kwa anayetaka kuiga tu. Msimamizi wa kifua kikuu anaona mwisho: miezi sita. Wa kisukari anaanza kazi isiyo na mwisho, na mwanadamu huchoka. Mpango wowote usiokubali kwamba msaidizi atachoka utakufa mwaka wa pili.

Kuna pia msaada unaoua. Mwaka 2012 Lindsay Mayberry na Chandra Osborn walichapisha utafiti wao kuhusu wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili huko Nashville, Marekani. Ndugu wa wagonjwa wale walikuwa na ujuzi wa kutosha kuhusu kisukari, na bado wengi wao walifanya mambo ya kumkwamisha mgonjwa: kumjaribu kwa vyakula, kubishana naye, kumsimanga. Kadiri vitendo hivyo vilivyozidi, ndivyo dawa zilivyorukwa na sukari ilivyopanda. Soma hapo halafu fikiria ukarimu wetu. Mgeni akija bila kupewa soda, mwenyeji anajiona ameaibika. Kwenye shughuli, wali wa nazi unapakuliwa mlima, na anayesema "mie nina sukari" anajibiwa "kidogo tu hakidhuru, leo siku moja." Magomeni kuna shughuli kila wiki. Kisha kuna wale wanaosaidia kwa kuchunga: "Umekula nini hicho? Ndiyo maana huponi!" mbele ya wajukuu na wapangaji. Mtu mzima akichungwa hivyo hujifunza kuficha. Anaficha andazi kwanza, baadaye anaficha kwamba hajameza dawa, mwishoni anaficha kidonda.

Na tulishaona nchi nzima msaada ukivuta mgonjwa kutoka kwenye dawa. Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila wa kijiji cha Samunge, Loliondo, alipotangaza kikombe chake cha shilingi 500 kinachotibu kisukari, UKIMWI, saratani na mengine, magari yalijipanga porini kwa kilomita nyingi. Waliowapeleka wagonjwa kule ni ndugu wenye mapenzi. Walichanga nauli, wakawabeba wazee migongoni, wakalala nao barabarani. Wagonjwa wengine walipokunywa kikombe waliacha dawa za hospitali. Uangalie ule utayari wa familia: mamia ya kilomita, gharama kubwa, siku kadhaa za kazi zimepotea, na kila mtu alitoa. Tukio lilipatikana. Kikombe kiliahidi mwisho wa ugonjwa, na familia iliyochoka inapenda mwisho. Metformini haiahidi mwisho wowote. Leo Loliondo imekwisha, lakini maji ya bamia, mlonge, mdalasini na mchanganyiko wa kwenye chupa zisizo na jina huingia nyumbani kwa njia ileile, mkononi mwa shangazi anayekupenda. Kumkatalia shangazi ni kazi kuliko kumkatalia daktari.

Mwezi wa Ramadhani unastahili kutajwa peke yake, kwa sababu Magomeni ni mtaa wa misikiti na ndio mwezi ambao nyumba nzima inabadilisha saa za chakula kwa pamoja. Utafiti mkubwa wa nchi 13 za Kiislamu, wenye wagonjwa 12,243, ulikuta karibu asilimia 79 ya wenye kisukari cha aina ya pili walifunga angalau siku 15. Kushuka kwa sukari kulikohitaji hospitali kuliongezeka sana mwezi huo. Kwa hiyo kumwambia mzee wa Magomeni "usifunge" na kufunga faili ni kujidanganya. Wengi watafunga, maana hakuna anayetaka kuwa yule anayekula mchana wakati mjukuu wa miaka kumi amefunga. Uislamu umemruhusu mgonjwa kufungua, na masheikh wanajua, lakini ruhusa inahitaji kutamkwa na watu wa nyumbani ili mgonjwa aione ni heshima. Anayefunga kwa ushauri wa daktari naye ana kazi ya watu wengine: dozi ihamishwe, nyingine ipunguzwe, daku iliwe karibu na alfajiri, futari isianze kwa kalimati na juisi ya ukwaju iliyojaa sukari. Mpishi wa futari anahusika na dozi kuliko anavyojua. Nimesikia wauguzi wakilalamika kwamba wagonjwa hawaji kuuliza kabla ya mwezi kuandama. Sijasikia kliniki nyingi zikiwaita wapishi.

Hapo tunagusa suala la nani hasa hubeba mzigo. Kwa sehemu kubwa ni wanawake. Baba akiwa na kisukari, mama anapika mboga zake pembeni, anajua tarehe ya kliniki, anahesabu vidonge. Mama akiwa na kisukari, anaendelea kupika anachopenda baba, anakula kilichobaki, na tarehe yake ya kliniki inaahirishwa kwa sababu mtoto wa binti yake hana wa kumwangalia. Ule utafiti wa hospitali nne ulikuwa na wanawake zaidi ya asilimia 60. Wajane, walioachwa, mabibi wanaolea wajukuu: wako katikati ya watu wengi, kila mtu anawaegemea. Ukiwahesabu kwenye dodoso utaandika "anaishi na watu saba", na kompyuta itasema ana msaada.

Vijana wa sindano wana shida yao nyingine. Msichana au mvulana mwenye kisukari cha aina ya kwanza hawezi kuruka. Siku chache bila insulini ni hatari ya kifo. McLarty na wenzake walipofuatilia wagonjwa 1,250 waliosajiliwa Muhimbili kati ya 1981 na 1987, waliotegemea insulini waliangamia zaidi kuliko wasioihitaji, wengi kwa damu kujaa asidi. Kijana huyo anahitaji mahali pa kujichoma bila kutazamwa. Mjini kwetu sindano ina jina baya. Wilaya ya Kinondoni imekaa na heroini miaka mingi, kliniki ya methadoni ya Mwananyamala ilifunguliwa mwaka 2012 kwa sababu hiyo, na kijana akionekana na bomba la sindano kwenye choo cha uani, maneno yanaanza. Wengine wanaruka sindano ya mchana shuleni kwa sababu hiyohiyo. Kisha kuna friji. Asiye nayo anaweka chupa yake kwa jirani, na hapo siri imekwisha, na siku jirani akisafiri na ufunguo, dawa imefungiwa. Angalau hilo la friji limepata nafuu: mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha, kwa kufuata joto halisi la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, kwamba insulini huhimili joto la kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne. Chupa inayotumika inaweza kukaa kwenye chungu chenye ubaridi, chumbani kwa mwenyewe. Taarifa moja kama hiyo, ikifika, inampunguzia mgonjwa utegemezi asioutaka. Msaada mzuri wakati mwingine ni kumwondolea mtu haja ya kuomba.

Mtaa wenyewe nao unabadilika. Wakazi wa Magomeni Kota, kaya 644, waliondolewa kupisha ujenzi, wakatawanyika kwenye nyumba za kupanga mjini kote kwa takriban miaka kumi, na wakarudishwa kwenye maghorofa mapya yaliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2022. Anayejenga huhesabu vyumba. Mgonjwa huhesabu kwamba aliyekuwa akimfuatia dawa sasa yuko mbali, na kwamba ghorofani mlango ukifungwa umefungwa, hakuna ua wa kuonea nani leo hajatoka. Sisemi watu wasijengewe. Maji ya bomba na choo safi ni afya pia. Nasema mtandao wa watu hauhamishwi kwenye lori pamoja na makabati. Na jiografia nyingine ni ya zamani: mwenye kliniki Muhimbili, masika bonde la Jangwani likijaa na barabara ya Morogoro kufungwa, tarehe yake inapita. Hapo hata ndugu bora hasaidii, isipokuwa yule aliyechukua dawa mapema.

Tufanye nini basi na haya yote? Wengi watataja vikundi. Chama cha Kisukari Tanzania kipo tangu mwaka 1985, na kimefanya kazi kubwa ya kufundisha na kufungua kliniki. Huko Bamako, Mali, wagonjwa waliofundishwa na wagonjwa wenzao kwa mwaka mmoja walishusha wastani wao wa sukari kwa takriban pointi moja ya asilimia, kiwango ambacho vidonge vingine vingejivunia. Magharibi mwa Kenya, mpango wa AMPATH ulijaribu kuunganisha kliniki ya kikundi na kikundi cha kukopeshana. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, na kilichopimwa hasa kilikuwa presha. Wazo hilo ndilo lililo karibu na sisi kuliko yote, kwa kuwa wanawake wa Magomeni hawahitaji kufundishwa kukutana kila wiki na daftari la hisa. Mfuko wa jamii wa kikoba tayari hutoa kwa msiba na kwa kulazwa. Kuongeza kifungu kimoja, kwamba unatoa pia kwa dawa za mwezi za mwanachama kabla hajalazwa, hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji mtu mmoja kusimama kwenye kikao na kusema ana sukari, na hapo ugumu unaanza.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wakilengwa kufika 137,294 katika miaka mitano. Wakifika mtaani na mzani wa watoto na dodoso la uzazi tu, watakuwa wamepita mlango wa mzee wa sukari bila kubisha. Kazi ya kumpa mhudumu ni ndogo: amjue mzee huyo, ajue tarehe yake ya kliniki, aulize dawa zimebaki ngapi. Asitoe ushauri. Ushauri tunao wa kutosha. Hakuna mgonjwa wa kisukari Dar es Salaam ambaye hajaambiwa aache sukari.

Lakini kabla ya mhudumu huyo, ningeanza na kadi ya kliniki. Ya kifua kikuu ina nafasi ya jina la msimamizi. Ya kisukari iwe nayo, na mgonjwa amchague mwenyewe, asichaguliwe mke kwa sababu tu ni mke. Msimamizi aje siku moja, aonyeshwe vidonge, aambiwe dalili za sukari kushuka na kwamba kazi yake haihusu kuchunga sahani. Kila mwaka aulizwe kama amechoka, na akisema ndiyo, abadilishwe bila lawama. Pembeni mwa jina lake pawe na swali la pili: nani mwingine nyumbani ana kisukari? Ugonjwa huu hufuata damu, na wanandoa hula chungu kimoja, kwa hiyo mara nyingi msimamizi naye ana kifuko chake cha dawa. Dozi zao zinatofautiana, za mmoja zikiisha wanagawana za mwingine, wote wawili wanashuka kwenye orodha ya ufuasi, na kliniki inawaandika kama wazembe wawili wasiojuana kwa sababu tarehe zao ziko siku tofauti.